Msituachie kompyuta asubuhi ya Idd

Ndugu Mhariri,

Asalaam aleikum na habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na kama inawezekana usinikate sana, maana hili jambo nimekaa nalo moyoni toka Idd kubwa na kila nikisema niliache linarudi.

Mimi ni mama wa hapa Tanga mjini, Ngamiani, muuguzi mstaafu. Saa hizi kazi yangu ni moja tu, namuuguza mama yangu mzazi aliyepata kiharusi, upande wake wa kulia hauna nguvu na hatoki kitandani mpaka abebwe. Umri umeshapita 80 lakini akili yake iko palepale na masikio ndo usiseme, anasikia jirani akifungua geti. Ana kiredio chake kidogo cha betri kinakaa pembeni ya mto usiku na mchana, na mi nshajifunza kwamba ukitaka kujua mama kaamkaje usimuulize, sikiliza kwanza redio kaiweka sauti gani.

Ninachotaka kusema ni kuhusu kile kipindi cha redio cha asubuhi ya sikukuu, kile chenye muziki na wageni na mawaidha, kinachoanza watu wanajiandaa kwenda kuswali na kinaisha watu wameshaanza kupakua. Kuna wanaokiona ni kitu cha kujazia muda tu. Mi nasema kuna watu ambao hicho kipindi ndo Idd yenyewe, hawana nyingine.

Idd ndogo iliyopita redio moja ya hapa mjini (siitaji, wenyewe wanajijua na nia yangu si kumchafua mtu) walitupa kipindi ambacho mpaka leo mama anakisimulia kwa kila anayekuja kumjulia hali. Walianza saa 12 asubuhi. Hakuna kelele, hakuna muziki wa kupasua spika, zilianza takbira, Allahu Akbar, Allahu Akbar, la ilaha illallah, zinaletwa na vijana wa madrasa waliokuwa palepale studio, unasikia kabisa mmoja ana mafua na mwingine kachelewa kuingia anavuta pumzi, yaani walikuwepo, haikuwa ya kwenye flashi. Mama nilikuwa nimeshamwogesha, nimemvalisha gauni jipya na kanga doti mpya, mi niko jikoni na tambi za nazi na iliki, nikachungulia nikaona midomo yake inacheza, anaitikia taratibu. Mtu ambaye mwaka wa 4 huu hajafika kiwanja cha swala. Nikazima jiko nikaenda kukaa naye.

Mtangazaji mwenyewe alikuwa kijana Mkristo, alisema hewani bila kuficha, mimi ni jirani yenu, kila mwaka nakula pilau yenu ila kuna mambo sijawahi kuuliza naomba leo niulize. Akamuuliza sheikh aliyekuwa mgeni wake, hivi ule mchele mnaoutoa kabla ya swala ni wa nini. Jamani swali dogo lile lilifungua mlango. Sheikh akaeleza zakatul fitri kwa lugha ya barazani kabisa, kwamba ni pishi moja kwa kila kichwa ndani ya nyumba hata mtoto mchanga, kama kilo 2 na nusu hivi za chakula ambacho watu wa mahali hapo ndo wanakula, na lazima imfikie maskini kabla watu hawajasimama kuswali, ukichelewesha mpaka baada ya swala inakuwa sadaka ya kawaida tu, kwa sababu lengo ni kwamba siku ile asiwepo mtu anazunguka kuomba wakati wenzake wanakula. Halafu akauliza, nyie mnaonisikiliza, wa kwenu mmempa nani? Hapo hapo mama akaniita, akaniuliza ile pishi ya kwangu ulimpelekea nani. Nilikuwa nimeshaipeleka kwa mzee mmoja wa mtaa wa pili anayeishi peke yake. Akasema haya, alhamdulillah.

Mgeni wa pili alikuwa mama mmoja fundi cherehani. Huyu alizungumzia nguo za Idd za zamani, vile baba ananunua jora moja la kitambaa na kutoka humo wanashonewa watoto wote, mashati ya wavulana, magauni ya wasichana, na kikibaki kipande pazia la sebuleni, mkitoka kwenda kusalimia mtaa mzima unajua hawa ni wa nyumba moja. Alisema usiku wa kuamkia Idd alikuwa halali, anashona kwa kibatari na watoto wamekaa kwenye ngazi wanasubiri nguo yao iishe, wengine wanasinzia palepale. Mama alicheka mpaka nikamwinua mto. Maana sisi tulivaa hivyo hivyo, nalikumbuka jora letu la maua ya njano.

Na mgeni wa tatu ndo aliyenifanya niandike. Mzee mmoja aliyekuwa akipiga akodiani kwenye taarab ya hapa Tanga enzi zake. Mnajua vijana wengi wa leo wakisikia taarab wanawaza Unguja tu, na Unguja wana haki yao, kikundi chao cha Ikhwani Safaa kipo toka 1905 na udi wao na ganuni na fidla zimepangwa safu nzima. Lakini mzee alieleza vizuri sana Tanga tuliongeza nini. Miaka ya 1960 na 1970 vikundi vyetu vya Black Star na Lucky Star vilikuja na wapigaji wachache, gitaa la umeme, besi, akodiani, ngoma, mwendo wa haraka kidogo, mtu anaweza kuinuka akacheza badala ya kukaa na kutuza tu, na mtindo ule ukavuka mpaka ukashika Mombasa na ukafika hadi Burundi. Na sauti ya Shakila, Mungu amrehemu, tulimpoteza 2016, ilitokea katika makundi haya haya. Mama alikuwa anamjibu mzee kama wako chumba kimoja, ndiyo, ndiyo, na yule mwingine umemsahau, mtaje.

Sasa mtangazaji akapiga wimbo mmoja wa zamani. Ukafika katikati mzee akasema, baba, rudisha kidogo. Akarudisha. Mzee akasema hapo, msikilize huyo wa besi. Kisha akanyamaza. Akasema huyo tulimzika Ramadhani hii, tarehe 9. Akashindwa kuendelea.

Na yule kijana, Mungu ambariki huko aliko, hakuzungumza. Hakukimbilia kupiga wimbo mwingine, hakusema tukapate matangazo. Aliacha. Ilipita kama nusu dakika hivi redio kimya kabisa unasikia tu mzee anavyopumua, mi nikadhani betri zimeisha. Halafu kwa sauti ya chini sheikh akasema tumsomee Fatiha, yeye na wote ambao Idd iliyopita tulikuwa nao na leo hatunao. Wakasoma. Mama akasoma. Mimi nikasoma, nikamkumbuka baba, nikawakumbuka wagonjwa wangu wengi tu ambao majina yao nshayasahau lakini sura bado ninazo. Nimesikia khutba nyingi maishani mwangu Mhariri na zote nimefaidika nazo, ila ile nusu dakika ya kimya ilinifundisha zaidi kuliko saa nzima ya maneno.

Baada ya hapo wakasoma salamu. Mjukuu alikuwa ametuma meseji ya bibi yake na ikasomwa, jina kamili na mtaa. Mama aliponisikia nashangilia akasema shii, acha nisikie. Nikamwona mtu anang'aa uso kwa ajili ya jina lake kutamkwa na mgeni asiyemjua, hewani, siku ya Idd.

Wale wa umri wangu wanaelewa jambo hili la salamu lina mizizi. Redio kwetu ilianza 1951, mwaka mmoja huo huo Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja, na sisi tuliozaliwa baadaye tukaikuta Radio Tanzania imeshakuwa mtu wa nyumbani. Baba alikuwa na redio ya betri kubwa, betri zikichoka anazianika juani juu ya kibaraza zinapata nguvu kidogo, na siku ya kuamkia Idd ilikuwa marufuku mtu kugusa redio mchana ili usiku ibaki na uwezo wa kutupa habari ya mwezi. Kadi za salamu zilikuwa zinanunuliwa dukani, unajaza majina ya ndugu wote mpaka kadi haina nafasi, unapeleka posta, halafu unasubiri wiki na wiki. Likisomwa jina lako mtaa mzima unakupongeza.

Na hata sasa Idd yenyewe bado inaanzia redioni. Siku ya 29 ya Ramadhani baada ya futari nani anatulia? Kila mtu anasubiri Mufti aseme mwezi umeandama au tunakamilisha 30, huku jikoni kuna ubishi niloweke mchele nisiloweke, nyama itoke kwenye friji au ikae, watoto wanauliza kila dakika. Najua wapo wanaofuata mwezi wa kwingine na mtaa mmoja unaweza kuwa na Idd mbili, hilo mi siliingilii, ninachosema ni kwamba tangazo lile tunalipokea kwa sikio, tukiwa pamoja, na ndo maana asubuhi yake sikio linarudi tena kule kule kutafuta furaha ya jambo lililotangazwa usiku.

Nirudi kwenye wodi sasa, maana huko ndo nilikojifunza. Nimeuguza watu zaidi ya miaka 30. Wodi asubuhi ya sikukuu ina uzito wake. Wote wenye nafuu wameruhusiwa jana yake, wamebaki wale ambao kweli wanaumwa, chai imekuja ile ile ya siku zote, ndugu hawajafika kwa sababu wako kwenye swala, na kutoka dirishani unasikia watoto wanapita na nguo mpya. Tulikuwa na redio ya wodi tumeiweka dirishani. Enzi hizo Radio Tanzania walikuwa na kipindi chao cha Ugua Pole, salamu kwa waliolazwa, na siku za sikukuu tulikuwa tunaifungua mapema. Siwezi kumsahau mvuvi mmoja aliyevunjika mguu, mguu umening'inizwa na kufungiwa uzito wa kuuvuta, wiki ya 5, haongei na mtu, chakula anarudisha. Asubuhi ya Idd wenzake wa mtumbwini wakamsalimia redioni, wakamwambia sehemu yake ya samaki wanaipeleka kwa mkewe kila siku asiwe na wasiwasi. Akageuza uso ukutani, akakaa muda mrefu. Baadaye akaniita, sista, nipatie wembe ninyoe ndevu, leo Idd. Na chai akanywa.

Kwa hiyo mtu akiniambia kipindi cha sikukuu ni burudani tu, mi namwangalia namnyamazia.

Sasa Idd kubwa. Redio ile ile, na sisi tumeshajipanga. Mama toka siku ya Arafa anauliza, yule kijana kesho atakuwepo? Nikamwambia lazima. Kanga mpya iko tayari kwenye kiti. Saa 12 na robo nikawasha. Bongo Fleva ya mapenzi. Nikasema labda wamechelewa kidogo. Ukaja mwingine, ukaja mwingine, halafu tangazo la kubeti, weka 500 uvune mamilioni, asubuhi ya Idd el-Hajj saa 12 na nusu. Kisha sauti ya dada imerekodiwa, uongozi na wafanyakazi wote tunawatakia sikukuu njema, sekunde 10 imekwisha, muziki ukaendelea. Ikawa hivyo, kila nusu saa yule dada na maneno yale yale na pumzi ile ile, halafu kubeti. Nikapiga namba ya studio mara 3, inaita mpaka inakata.

Mama akanitazama akaniuliza, mwanangu, kwani Idd wameisogeza mbele?

Nikamwambia hapana mama, ndo leo, sikiliza msikitini wanaleta takbira. Akatega sikio lakini upepo ulikuwa unavuma upande mwingine na bodaboda zinapita. Akasema mbona redioni hawajasema. Nikamwambia wamesema mama, kuna dada kasema. Akasema yule hajasema, yule ni tangazo. Na alikuwa na haki, hata mimi moyoni nilijua. Akakataa kuvaa kanga mpya, akasema kama si Idd ataichafua bure. Imekaa ile kanga kwenye kiti mpaka saa 3 walipoingia watoto wa jirani, shikamoo bibi, tumekuja kuchukua mkono wa Idd, ndo akageuka akaniambia haya, nivalishe.

Mhariri mimi nimeona vifo vingi na nimejizuia mbele ya mengi, ila siku ile nilienda uani nikalia. Mtu asiyeweza kutembea, asiyeweza kushika simu, anajua siku na saa kwa redio, halafu redio inamfanya asijue kwamba leo ni Idd.

Nikamuuliza mpwa wangu anayejua mambo haya, akanieleza siku hizi kuna programu ya kompyuta, unapanga nyimbo na matangazo toka jana, unabonyeza, unafunga studio mnaenda wote kula sikukuu. Nimeelewa, na wala sina ugomvi na kompyuta. Usiku wa manane ipige tu, siku za kawaida mchana ipige. Watangazaji nao wana familia zao, na nasikia wengi wao wanalipwa kidogo na wengine wanajitolea tu wakisubiri ajira, siwezi kumlaumu kijana wa watu kutaka kukaa na mama yake siku ya Idd. Ila naomba niwaambie sisi wodini tulifanyaje. Krismasi zamu tulishika sisi Waislamu. Idd wakatushikia Wakristo. Hakuna mkubwa aliyetuandikia waraka, tulikuwa tunapanga wenyewe kwenye daftari la zamu wiki 2 kabla, mwaka baada ya mwaka, na hakuna mgonjwa aliyekosa sindano kwa sababu ya sikukuu. Na redio yetu tayari imeshaonyesha inawezekana, yule kijana wa Idd ndogo ndo ushahidi, tena uzuri wa kipindi ulitokana na yeye kuwa mgeni wa jambo lile, aliuliza maswali ambayo sisi tunaona aibu kuuliza. Asubuhi ya Krismasi akae Mwislamu aulize ya upande wa pili, waletwe wanakwaya waimbe palepale, mzee wa kanisa asimulie Krismasi za utotoni mwake. Jirani yangu huniletea sahani kila Krismasi na nikimpelekea sahani yake ya Idd namkuta naye kafungulia redio hiyo hiyo, kwa hiyo msidhani mnagawa wasikilizaji, hapana, ni sisi sisi.

Wapo walioniambia kwa nini usibadilishe stesheni. Nilibadilisha. Redio ya taifa inatuletea swala na Baraza la Idd na hotuba za viongozi, na hiyo ni kazi kubwa ambayo redio ndogo haiwezi, namshukuru kila anayeifanya. Lakini kule hawawezi kumjua mzee wa akodiani wa Ngamiani wala hawawezi kusoma salamu za mama yangu kwa shoga yake. Hiyo ni kazi ya redio ya mji. Nadhani wengi tulizifurahia redio hizi zilipoanza kuja baada ya ile sheria ya utangazaji ya 1993 kwa sababu hiyo hiyo, tulisema sasa tutasikia watu wetu. Wengine wakaniambia mwekee kwenye simu. Simu inataka bando na inataka mkono, na zaidi ya hapo, ya kwenye simu ni ya jana au ya mwaka juzi, na Idd inataka mtu anayejua kwamba ni leo, anayesema kuna mawingu kwa hiyo wapishi wa mkaa wa nje funikeni masufuria.

Kuhusu pesa, mi si mfanyabiashara lakini nina macho. Wiki nzima kabla ya Idd maduka ya nguo Ngamiani yanafungwa usiku sana, wauza tende, wauza mchele na viungo, mafundi, mabasi yanayoleta watu nyumbani, wote hawa wana la kutangaza na wana furaha ya kusikika siku ile. Waulizwe. Nina hakika wakichangia kidogo kidogo inatosha kumlipa mtangazaji mmoja na fundi mitambo posho ya maana ya saa 4, na wageni 3 wapewe nauli na sahani ya kwenda nayo nyumbani. Na tangazo la kubeti likae mpaka mchana jamani, tunawaomba. Asubuhi ile wako watoto wetu wamekaa na mkono wa Idd mfukoni, shilingi 500 hiyo hiyo mnayowaambia waiweke.

Lingine ambalo limeniuma. Kile kipindi cha Idd ndogo nilitaka nakala nimwekee mama, hata ningelipia. Nikaambiwa kimeshafutwa kupisha nafasi. Yaani maneno ya mzee, na kile kimya, na Fatiha, vimefutwa. Na fikirini kidogo, ule wimbo uliomliza mzee ulitoka wapi? Zama zile bendi na vikundi vya taarab vilikuwa vinaingia studio ya Radio Tanzania kurekodi, kwenye riili, na fundi mmoja akaandika jina la kundi na tarehe kwenye boksi akaliweka kwenye shelfu, ndo maana nusu karne baadaye tunaweza kumsikia mpiga besi aliyekwisha kuzikwa. Yule fundi hakujua anamhifadhia nani. Flashi moja ya leo inabeba vipindi vya sikukuu vya miaka mingi, haizidi bei ya kuku. Tafadhali wekeni, na andikeni majina ya wageni, na mkipiga wimbo wa zamani mtaje waliopiga, siyo mwimbaji peke yake.

Mzee wa akodiani nimeuliza habari zake, yupo, anaumwa miguu tu. Fundi cherehani naye yupo na bado anashona. Yule kijana nasikia bado yuko hapo hapo redioni, kahamishiwa kipindi cha jioni. Kwa hiyo vyote vipo Mhariri, kinachotakiwa ni mtu afungue studio saa 12 kasoro.

Mama nimemsomea barua hii yote kabla sijaituma, akanikosoa sehemu 2 nikarekebisha, kisha akasema nyie mnaomba kipindi na mimi niombe nafasi yangu mapema, salamu za Idd ijayo ziandikwe kabisa zisije zikachelewa. Ndo hizi. Ziende kwa mdogo wake aliyeko Pangani pamoja na watoto wake wote. Ziende kwa shoga yake waliyekuwa wakienda naye taarab, ambaye naye sasa hatoki nje. Kwa mwanamke aliyeshona magauni ya jora la maua ya njano, kama yuko hai. Kwa mzee wa akodiani, amwambie pole ya msiba, hakupata njia ya kumpa siku ile. Kwa wagonjwa wote waliolazwa na wauguzi walioshika zamu. Na kwa yule kijana mtangazaji, amwambie pilau yake ipo, aje aichukue mwenyewe.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Ngamiani, Tanga